Mwanga Unaodunda Kihambani

Simama saa sita mchana ndani ya kihamba, yaani shamba la nyumbani, huko Kibosho au Marangu, Kilimanjaro. Juu kuna miti ya mringaringa na mruka, chini yake migomba, chini zaidi mibuni. Jua lenyewe halikufikii, lakini gazeti unalisoma bila shida, na shati lako jeupe limeingia ukijani. Mwanga huo umekufikia kwa kuzunguka. Jani limefyonza sehemu kubwa ya wekundu na ubuluu, likaachia ukijani uendelee hadi jani jingine, udongo, ukuta, na mwisho jicho lako.

Kompyuta zilichelewa kujua kuchora hali hii. Zilihesabu mwanga utokao moja kwa moja kwenye jua au taa, na kivuli zikakipaka rangi moja ya kukisia. Mwaka 1984 watafiti waliazima hesabu za wahandisi wa joto, zile za kupima jinsi joto linavyohama kutoka uso mmoja hadi mwingine. Walijenga pia sanduku halisi lenye kuta za rangi, wakalilinganisha na picha ya kompyuta. Mwaka 1986 ukaja mlinganyo mmoja unaojumuisha midundo yote ya mwanga, pamoja na njia ya kuukadiria kwa kura: kompyuta hufuata miale michache iliyochaguliwa kwa bahati, kisha hupata wastani. Muonjaji wa kahawa hapa Moshi naye hamalizi magunia. Huonja sampuli, akahukumu shehena nzima. Miale ikiwa michache, picha hujaa chembechembe, na kuzipunguza kwa nusu kunadai miale mara nne.

Faida ya hesabu hizi kwetu naiona zaidi kwenye nyumba na madarasa. Tuseme ukuta uliopakwa chokaa unarudisha asilimia 80 ya mwanga: baada ya mdundo wa tatu imebaki nusu. Ukuta wa udongo ukirudisha asilimia 30, inabaki chini ya asilimia 3. Ndiyo maana mama aliyepaka chokaa ndani huona hadi kona ya mbali na dirisha. Mwanafunzi wa ujenzi anaweza kulijaribu darasa zima kwenye kompyuta, madirisha yake na mgomba ulio nje, kabla tofali la kwanza halijanunuliwa. Blender, programu ya bure, inafanya hesabu hizo, ingawa kompyuta dhaifu itamsubirisha sana.

Kwa mkulima nitakuwa mwangalifu zaidi. Hesabu za aina hii hutumika pia kukadiria mwanga unaofika majani ya chini, na zinaweza kusaidia kuamua tawi lipi la kivuli likatwe. Lakini kihamba kina majani yasiyohesabika, na mawingu ya masika hubadilisha kila kitu. Mzee aliyepogolea mibuni yake miaka 40 aulizwe kwanza.

Tena kompyuta huamini rangi uliyoiandikia, na picha nzuri inaweza kuwa na kosa. Jiko la kuni likiwaka wiki chache, chokaa ile si nyeupe tena. Anayepima mwanga jikoni kwa bibi yake aandike rangi ya ukuta ulivyo leo, pamoja na masizi yake.