Kelele iliyo ndani ya helmeti: vizibo vya masikio kwa anayeendesha pikipiki

Mwulize mwendesha pikipiki yeyote ni kitu gani kinachompigia kelele zaidi barabarani, naye atakutajia injini, au ekzosi ya jirani yake. Kwa mwendo wa mjini hajakosea. Lakini ukishavuka kilomita 60 hivi kwa saa, injini inazidiwa na upepo. Hewa inayogonga ukingo wa chini wa helmeti, pale kidevuni na shingoni, huzunguka na kuunguruma sentimita chache tu kutoka sikioni. Watafiti waliopima sauti ndani ya helmeti walikuta takriban desibeli 90 kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, na karibu 110 kwa kilomita 160. Kwa mwendo wa kawaida wa barabara kuu, sikio linapokea desibeli 100 hivi, dakika baada ya dakika.

Desibeli hazihesabiki kama kilo za unga. Kila zinapoongezeka 3, nguvu ya sauti imekuwa maradufu. Kwa hiyo NIOSH, taasisi ya Marekani inayoshughulikia afya kazini, inashauri mtu asikae kwenye desibeli 85 kwa zaidi ya saa 8 kwa siku. Zikiwa 88, saa 4. Zikiwa 91, saa 2. Zikifika 100, dakika 15. Mtu anayetoka Milton Keynes kwenda kazini London kwa barabara ya M1 amemaliza posho yake ya kelele ya siku nzima akiwa maeneo ya Luton, na bado ana safari ya kurudi jioni.

Helmeti haizuii kelele hizo kwa kiasi cha maana. Kazi yake ni kulinda fuvu, na kazi hiyo inaifanya vizuri. Kuna helmeti tulivu kuliko nyingine, na kitambaa cha shingoni kinachoziba upenyo wa chini kinasaidia kidogo. Kioo cha mbele cha pikipiki kinaweza kusaidia au kuharibu kabisa: kikiwa na kimo kibaya, kinautupa upepo moja kwa moja usawa wa masikio yako. Lakini hata ukirekebisha vyote hivyo, kinachobaki bado ni kingi. Dawa yake ni vizibo.

Hapa Uingereza, kanuni za kelele kazini za mwaka 2005 zinamtaka mwajiri awe na kinga ya masikio ya kumpa mfanyakazi anayeiomba pindi kelele zinapofika desibeli 80 kwa wastani wa siku, na ahakikishe inavaliwa zikifika 85. Kijana anayesambaza vyakula kwa pikipiki ya cc 125, kwa kawaida anahesabiwa kuwa amejiajiri mwenyewe. Hana msimamizi wa kumkabidhi boksi la vizibo asubuhi. Atajinunulia au atakosa.

Sikio la mgeni

Sasa niseme jambo linalonifanya niandike haya kwa ajili yetu hasa, tunaoishi ugenini.

Ndani ya sikio, kwenye kiungo kilichojikunja kama konokono, kuna chembe hai zenye vinyweleo, elfu kumi na tano hivi kwa kila sikio. Ndizo zinazogeuza mtikisiko wa sauti kuwa ishara ya kupelekwa kwenye ubongo. Kelele huzichosha kwanza, ndiyo maana ukivua helmeti baada ya safari ndefu unasikia kama umefunikwa blanketi, au masikio yanalia nyiii. Saa chache baadaye, au ukishalala, hali inarudi. Mtu anaona amepona. Lakini uchovu huo ukirudiwa kila siku, chembe zinakufa, na kwa binadamu haziotI tena. Hakuna kidonge, hakuna sindano, hakuna upasuaji wa kuzirudisha.

Madhara ya kelele kwa kawaida huanzia kwenye sauti nyembamba, za juu. Katika maneno ya watu, sauti hizo ni konsonanti nyepesi: s, f, sh, t, k, na ile th ya Kiingereza. Irabu zina nguvu zaidi na ziko chini, kwa hiyo hubaki. Tazama basi lugha zetu zilivyo. Kiswahili karibu kila silabi inaishia kwa irabu. Ukikosa konsonanti moja katika "nimekupikia wali wa nazi", umeshaelewa. Kiingereza kinarundika konsonanti mwishoni mwa neno, na ndizo zinazobeba maana: umoja au wingi, wakati uliopo au uliopita. Ukizikosa hizo, unakosa sentensi. Juu ya hayo, anayesikiliza lugha ya pili hupata taabu zaidi penye kelele kuliko mzawa, hata kama masikio yake ni mazima.

Matokeo yake ni kwamba mwendesha pikipiki mwenzetu anayeanza kupoteza usikivu anaweza kwenda miaka bila kujua. Nyumbani na mkewe anasikia vizuri. Kwenye simu na mama yake aliyeko Tanga anasikia vizuri. Darasani, kazini, kaunta ya benki, hasikii. Yeye mwenyewe anasema Kiingereza cha hapa ni kigumu, wanameza maneno. Wenzake nao wanasema lafudhi ndiyo shida. Mwalimu anamwona mzito. Hakuna anayefikiria sikio. Mwanafunzi anayelipa karo kwa kusambaza chakula usiku anaweza kuwa anaharibu barabarani kile anachokilipia darasani, na cheti kisieleze kwa nini alama zimeshuka.

Kipi kinafaa

Vya sponji ndivyo rahisi kuliko vyote. Pauni chache zinakupa boksi la jozi nyingi kwenye duka la dawa au duka la vifaa vya ujenzi. Vikiwekwa sawasawa vinapunguza sauti kuliko aina nyingine nyingi, lakini wengi hawaviweki sawasawa. Tafuta vifupi na laini. Virefu vinachomoza nje ya sikio, helmeti inavisukuma, na baada ya nusu saa unatafuta mahali pa kusimama kwa maumivu.

Aina ya pili ni vya silikoni au mpira laini wenye vikombe vidogo vilivyopangana kama mti wa Krismasi, vingine vikiwa na kichujio katikati. Vinaoshwa na kutumika tena. Kichujio kinapunguza sauti bila kuizima, hivyo sauti za watu na honi zinabaki na umbo lake. Kwa anayesimama mara kwa mara kuzungumza na wateja, mimi naona hivi ndivyo vyenye faida, kwa sababu hatashawishika kuvivua.

Tatu ni vinavyotengenezwa kwa umbo la sikio lako mwenyewe. Mtaalamu anakujazia sikio silikoni laini maalumu, anachukua umbo, na baada ya siku kadhaa unapewa vizibo vinavyokutosha wewe tu. Bei ni makumi kadhaa ya pauni, vingine hufika mia na kuzidi, lakini vinadumu miaka. Kwa anayeendesha kila siku barabara kuu, si anasa.

Pamba, karatasi ya chooni, na kipande cha sponji ya godoro havimo katika orodha hii. Havizuii kelele kwa kiasi cha kutosha. Vipokea sauti vya simu vyenye uwezo wa kupunguza kelele navyo sivyo: vingi havina alama ya kuwa kinga ya masikio, na wengi wanaovivaa huishia kupandisha muziki uushinde upepo. Hapo umeongeza mzigo juu ya mzigo.

Kwenye pakiti ya vizibo vinavyouzwa Ulaya tafuta namba EN 352, pamoja na alama ya CE au UKCA. Utaona pia herufi SNR na namba, kama 27 au 35. Hizo ni desibeli zinazopunguzwa maabara, kwa mtu aliyewekewa na mjuzi. Marekani wanaandika NRR, na hesabu yake ni tofauti, kwa hiyo usilinganishe namba za pande hizo mbili. Kuna namba nyingine ambazo wanunuzi wengi huziruka: H, M na L, yaani upunguzaji wa sauti za juu, za kati na za chini. Mngurumo wa upepo ndani ya helmeti ni wa chini zaidi, hivyo itazame L.

Ila usiifukuzie namba kubwa kana kwamba ni alama za mtihani. Kizibo cha desibeli 30 kikivaliwa nusu ya safari tu, kinga yako kwa jumla inashuka hadi desibeli 3 hivi. Ndiyo, 3. Muda wa nusu uliobaki wazi unalimeza karibu lote. Kizibo cha 20 ambacho hakikuumizi na unakivaa kuanzia mlangoni hadi mlangoni kinakushinda hicho cha 30 mara nyingi.

Namna ya kukiweka

Nawa mikono. Bila hivyo unasukuma uchafu wa breki na mafuta ndani ya sikio. Sokota kizibo cha sponji kwa vidole mpaka kiwe chembamba kama kijiti cha njiti ya kiberiti, bila mikunjo. Pitisha mkono wa pili juu ya kichwa, shika sikio kwa juu, livute juu na nyuma. Njia ya sikio imepinda, na mvuto huo unainyoosha. Ingiza, kisha kizuie kwa kidole sekunde 30 kinapovimba. Watu huachia baada ya sekunde tatu, kinarudi nje, halafu wanasema vizibo havifanyi kazi.

Kipimo ni rahisi: ziba masikio yote mawili kwa viganja. Sauti ikibadilika sana, vizibo havijakaa, rudia. Isipobadilika karibu kabisa, vimekaa. Sauti yako mwenyewe nayo itasikika kama unasemea ndani ya pipa. Vaa helmeti polepole ili isivichomoe. Wakati wa kuvitoa, zungusha kwanza kisha vuta taratibu, hasa vile vya silikoni, maana kuchomoa kwa ghafla kunavuta kiwambo cha sikio.

Vya sponji vikishapata uchafu au kuwa vigumu, tupa. Vya silikoni osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, vikauke kabla ya kurudi kwenye kikopo chake. Hili ni muhimu zaidi kwa wenzetu wa Ghuba. Vijana wengi kutoka Kenya na Uganda wanasambaza vyakula kwa pikipiki Dubai na Doha, na katika joto lile jasho linajaa sikioni. Kizibo kilicholowa ni shamba la fangasi. Wao wabadilishe mara nyingi zaidi. Na popote ulipo, sikio likitoa usaha, likiuma, au ukijua kiwambo kimetoboka, usiweke kizibo mpaka lionekane na daktari.

King'ora nitakisikia?

Swali hili huulizwa kila mara, hasa na wake na akina mama, na ni la haki. Kizibo kinapunguza upepo na king'ora kwa pamoja, kwa hiyo king'ora hakizami zaidi ya kilivyokuwa kimezama. Sikio lililolemewa na desibeli 100 linachanganya sauti, kama spika ndogo iliyopandishwa mpaka mwisho. Ukilipunguzia, linatenganisha vizuri zaidi. Utazoea baada ya safari mbili tatu. Anzia barabara tulivu unayoijua.

Kuhusu sheria, Uingereza hakuna inayokukataza. Ufaransa ilipiga marufuku tangu Julai 2015 kifaa chochote cha sikioni kinachoweza kutoa sauti, lakini kizibo cha kawaida hakitoi sauti. California inakataza kuziba masikio yote mawili, ila imewatengea nafasi wanaovaa vizibo vilivyotengenezwa kupunguza kelele zenye madhara bila kuzuia honi na ving'ora. Ukiwa jimbo au nchi nyingine, uliza kabla.

Wakati wa kupimwa

Masikio yakilia kila baada ya safari, au ukiona unaongeza sauti ya televisheni mpaka watoto wanalalamika, nenda kwa GP uombe kupimwa usikivu. Maduka mengi ya miwani hapa nayo hupima. Ikithibitika unahitaji kifaa cha kusikia, NHS inakiazimisha bure, pamoja na betri. Usione haya, na usikubali kujibiwa kwamba ni lugha tu kabla hujapimwa. Kama sikio moja limezima ghafla, ndani ya saa au siku tatu, hilo si la kusubiri miadi ya wiki ijayo. Nenda siku hiyohiyo, kwa sababu dawa zinazoweza kuliokoa hufanya kazi vizuri zaidi zikianza mapema.

Abiria wa nyuma anapigwa na upepo uleule. Ukimbeba kijana wako, naye avae, na vipo vidogo kwa njia nyembamba za masikio, ambavyo hata wanawake wengi huvihitaji. Kwa watoto wadogo usiache vya sponji vikizagaa nyumbani, ni saizi kamili ya kukaba koo.

Na kwa kuwa wengi wetu tuna ndugu anayeendesha bodaboda tuliyomnunulia, boksi moja la vizibo halina uzito kwenye begi la likizo. Mwonyeshe kwa mkono namna ya kusokota na kuvuta sikio, maana maelezo ya pakiti hatayasoma. Safari za mtaani kwa mwendo mdogo hazimhitaji kuvivaa saa zote. Anayepeleka abiria barabara ya lami kutoka mji hadi mji, au aliyefunga spika chini ya kiti, huyo avivae leo.