Programu ya kusoma milisho: mambo matatu yanayowakwamisha wanaoanza

Ukisikia tangazo la ufadhili wa masomo, kama ule wa DAFI, siku moja baada ya tarehe ya mwisho, umeshaukosa. Mara nyingi habari hutufikia imechelewa, imepita makundi mengi ya WhatsApp na kubadilishwa njiani. Programu ya kusoma milisho, kama Feedly, hukusanya mahali pamoja habari mpya za tovuti unazozichagua mwenyewe.

Wengi huijaribu na kuiacha siku hiyo hiyo. Haya ndiyo yanayowakwamisha:

1. Maandishi yasiyoeleweka. Ukifungua anwani ya mlisho (RSS) kwenye kivinjari, unaweza kuona alama nyingi zilizochanganyika. Simu yako haijaharibika. Nakili anwani hiyo, uibandike ndani ya programu.

2. Mlisho hauonekani. Bandika anwani ya tovuti. Programu nyingi hutafuta mlisho zenyewe. Ikishindikana, ongeza /feed/ mwishoni mwa anwani. Njia hii hufaa kwa tovuti nyingi za WordPress. Tovuti nyingine hazina mlisho kabisa.

3. Vyanzo vingi mno. Ukiweka tovuti 30, tangazo unalolihitaji litapotea humo. Anza na 3.

Kumbuka, programu haichuji uongo. Chagua tovuti rasmi. Huduma zote za UNHCR, pamoja na kuhamishiwa nchi ya tatu, ni bure. Ukiona tangazo linalodai pesa, usilisambaze. Waulize kwanza wafanyakazi wa UNHCR.