Hewa ya Sumbawanga na Ndege ya Fundi

Hadithi njoo! Ila leo, wajukuu zangu, uongo ubaki huko huko, maana ninayowasimulia yalitokea kweli.

Huko Ohio, Marekani, walikuwako ndugu wawili, Wilbur na Orville Wright, mafundi wa baiskeli. Waliunda ndege kwa mbao na kitambaa. Injini nyepesi ya kuwafaa hawakuipata popote, kwa hiyo fundi wao, Charlie Taylor, akawatengenezea karakanani, yenye nguvu za farasi 12 tu. Wakaipeleka ndege yao Kitty Hawk, ufukweni mwa bahari, na tarehe 17 Desemba 1903 Orville akaruka kwa sekunde 12, umbali wa mita 37 hivi. Basi mtu asiwadanganye kwamba ndege ya fundi wa mtaani ni mchezo. Historia ya ndege zenye injini ilianzia kwa mafundi kama hao.

Lakini kwa nini wahangaike kwenda mbali hivyo? Walitaka upepo mkali, na mchanga laini ikitokea wakaanguka. Ufukwe ukawapa na jambo jingine: hewa nzito. Siku ile ilikuwa ya baridi kali, na hewa ya baridi, tena katika usawa wa bahari, husongamana.

Sasa turudi kwetu Ufipa. Sumbawanga iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni pungufu kwa takribani moja ya sita ukiilinganisha na ya Dar es Salaam. Umewahi kubeba bati siku ya upepo? Ukiliinamisha kidogo tu, linataka kuondoka nawe. Bawa hubebwa na hewa vivyo hivyo, na hewa ikipungua, sharti ndege ikimbie zaidi ndipo bawa linyanyue uzito uleule. Kukimbia zaidi ni kuhitaji uwanja mrefu zaidi. Papo hapo injini nayo inakosa pumzi, kwa kuwa petroli haiungui bila hewa; injini isiyo na kifaa cha kuishindilia hewa hupoteza nguvu karibu kwa kiasi hicho hicho. Ndege ya akina Wright, kwa maoni yangu, isingenyanyuka hapa kwetu.

Wazee wetu Wafipa waliijua hewa vizuri. Waliyeyusha mawe ya chuma katika malungu, matanuri ya udongo marefu kumpita mtu, yaliyovuta hewa yenyewe kupitia matundu ya chini bila mtu kuvukuta. Kisha chuma kile kilisafishwa katika tanuri dogo, na hapo ndipo mivukuto ilipofanya kazi. Natamani kila shule ya mkoa wetu wa Rukwa ianzie somo la fizikia kwenye malungu, maana hesabu ya hewa imo humo tangu zamani.

Na hata siku hizi wapo wanaojiundia ndege. Mwaka 2019 vijana 20 wa Afrika Kusini waliunganisha ndege ya viti vinne, Sling 4, kutokana na maelfu ya vipande vilivyotoka kiwandani. Aliyeanzisha mradi, Megan Werner, alikuwa msichana wa miaka 17. Injini na vifaa vya kuongozea vilifungwa na wataalamu. Ndege hiyo ikaruka kutoka Cape Town hadi Cairo, kilomita 12,000 hivi, ikitua katika nchi kadhaa, na Zanzibar pia. Ndege za aina hiyo hutumia injini yenye tabo, kifaa kinachoshindilia hewa ndani ya injini. Ni kazi ileile ya mvukuto.

Na hapo jirani, Tunduma, fundi Adam Kinyekile aliunda helikopta kwa mikono yake, habari zake zikaenea nchi nzima. Mimi naamini wa Sumbawanga naye yuko njiani, pengine bado yuko darasa la sita.

Kama ni wewe, pima uzito wa kila kipande kabla ya kukifunga. Piga hesabu zako kwa hewa ya mita 1,800, wala si ya Dar es Salaam, tena kwa saa nane mchana jua likiwa kali, kwa sababu joto huipunguza hewa zaidi. Na kabla hujathubutu kuruka, ipeleke kazi yako kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania waikague.