Je, Wajua? Mkono Uliokatazwa Kazi

Kwa miaka mingi, mwanamke aliyeondolewa titi kwa sababu ya saratani alishauriwa asibebe mzigo mzito. Madaktari walihofia mkono: tezi za kwapani zikitolewa pamoja na titi, majimaji ya mwili hukosa njia, na mkono unaweza kuvimba na kubaki hivyo.

Mwaka 1996, huko Vancouver, Kanada, daktari wa michezo Don McKenzie aliijaribu hofu hiyo majini. Aliwaandaa kwa mazoezi wanawake 24 waliotibiwa saratani ya titi, kisha akawapandisha kwenye mashua ndefu za mashindano za Kichina, wapige kafi kwa nguvu zote. Hakuna aliyepata uvimbe mpya.

Kundi dogo, ndiyo. Lakini mwaka 2009 Kathryn Schmitz na wenzake, Marekani, walichapisha utafiti wa wanawake 141 ambao mikono yao ilikuwa tayari imevimba. Walionyanyua vyuma mara mbili kwa wiki, wakipandisha uzito polepole, hawakuvimba zaidi kuliko wenzao ambao hawakunyanyua. Walipata nguvu zaidi.

Huko Uingereza nako, katika utafiti uitwao PROSPER wa wanawake 392, mazoezi ya bega yaliyoanza siku 7 hadi 10 baada ya upasuaji, chini ya mtaalamu wa viungo, yaliiacha mikono ikifanya kazi vizuri zaidi mwaka mmoja baadaye.