Kelele kwa Kipimo

Atakayekaa kimya katika kikao cha harusi jijini Dar es Salaam hakosi kuulizwa: "Vipi, mbona umenuna?" Akijibu kwamba hana neno, minong'ono inaanza: anaringa huyo, au ana lake moyoni. Kumbe mchango wake alishautoa mapema, hesabu za kamati anazijua kuliko mwenyekiti, na bwana harusi ni rafiki yake wa kufa na kuzikana. Hana kisirani na mtu. Zogo tu limemtosha.

Wanasaikolojia wanamwita mtu wa namna hiyo introvati. Aliyeieneza dhana hiyo ni daktari wa akili wa Uswisi, Carl Jung, katika kitabu chake cha mwaka 1921 kuhusu aina za haiba. Jung alieleza kwamba wako ambao fikra zao huelekea zaidi ndani, na wako ambao huvutwa na watu na mambo ya nje. Siku hizi tabia hiyo hupimwa kwa viwango, na watu wengi huangukia katikati.

Introvati si lazima awe na aibu. Mwenye aibu huogopa macho ya watu na hukumu yao. Introvati anaweza kuhutubia ukumbi mzima bila kutokwa jasho, ila akishuka jukwaani anatafuta pa kupumzikia. Hata hivyo, mambo hayo mawili huweza kumkuta mtu mmoja. Mohandas Gandhi, akiwa wakili kijana aliyetoka masomoni Uingereza, alisimama mahakamani Bombay katika kesi yake ya kwanza ili amhoji shahidi. Kichwa kikamzunguka, asipate hata swali moja. Akaketi, akarudisha ada ya rupia 30, na kesi ikapewa wakili mwingine. Baadaye aliandika katika tawasifu yake kwamba kusita kwake katika kusema kulimfundisha kutumia maneno machache.

Lakini kwa nini zogo lile lile limchangamshe huyu na kumchosha yule? Hans Eysenck, mwanasaikolojia aliyefanya kazi London, alidai kwamba ubongo wa introvati huwa macho zaidi tangu mwanzo, hivyo hauhitaji msukumo mkubwa kutoka nje. Njia mojawapo ya kulijaribu dai hilo ilikuwa matone ya maji ya limau: wakimya, yaani introvati, walipodondoshewa ulimini, walitoa mate mengi kuliko wachangamfu. Nadharia yake imerekebishwa sana tangu hapo, ila wazo kwamba kila mtu ana kipimo chake cha msukumo limebaki.

Mwaka 1984 Mmarekani Russell Geen alilipeleka mbele wazo hilo. Aliwapa watu zoezi gumu la akili huku wakisikia kelele masikioni, akawaacha wachague wenyewe ukubwa wa sauti. Wachangamfu walichagua wastani wa desibeli 72, wakimya 55. Kila upande ulipofanya kazi kwa sauti uliyoichagua, matokeo yalilingana. Walipobadilishiwa sauti, pande zote mbili ziliharibu.

Kwa hiyo, mkimya hana sababu ya kujilazimisha kugeuka mtu mwingine. Kazi yake ni kupanga dozi ya kelele.

Brian Little, mwanasaikolojia wa Kanada aliyefundisha Harvard, anajulikana kwa mihadhara yenye vichekesho na mbwembwe, ilhali mwenyewe ni introvati. Anasema mtu anaweza kutenda kinyume cha haiba yake kwa ajili ya jambo analolipenda, mradi apate pa kurudisha nguvu baadaye. Yeye aliwahi kujificha chooni baada ya mhadhara ili asikokotwe kwenye maongezi ya mezani.

Si kila mtu ana choo cha kujifungia, hasa kwenye nyumba ya kupanga yenye familia sita. Hapo muda wa utulivu unatafutwa kwa ujanja: alfajiri kabla watu hawajaamka, au matembezi ya miguu badala ya daladala yenye muziki. Nyumbani inafaa kusema mapema, "Nimechoka tu, sijakasirika," ili ukimya usitafsiriwe vibaya. Kikaoni, kushika daftari la michango humpa mkimya nafasi inayoonekana bila porojo nyingi. Msibani, kuchota maji au kupasua kuni ni ushiriki kamili.

Wanaosimamia watu nao wana sehemu yao. Mwaka 1958, watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walilinganisha vikundi vya wanafunzi wanne waliobuni mawazo kwa kujadiliana, na wanafunzi wengine waliobuni kila mtu peke yake. Mawazo ya wanne waliofanya kazi mmoja mmoja, yalipojumlishwa na yaliyojirudia kuondolewa, yalikuwa karibu mara mbili ya yale ya kikundi.

Mwenyekiti anayetaka maoni ya wote anaweza kutuma ajenda siku moja kabla, kisha kutoa dakika chache za kuandika kabla ya mtu yeyote kunyanyua mdomo. Mwalimu naye, badala ya kumchagua mwenye mkono wa haraka, awaachie wanafunzi waandike jibu daftarini, wamwonyeshe jirani, ndipo aliulize darasa zima. Utaratibu huo hauna gharama, na wasemaji hodari bado watapata zamu yao.