"Niko kadi" si kuhesabu karata

Dagoretti Corner jijini Nairobi, pale Naivasha Road inapokutana na Ngong Road, mafundi wa samani hutoa karata mfukoni wateja wanapoadimika. Benchi ambalo bado halijapakwa vanishi ndilo meza. Mchezo wenyewe huitwa poka, ingawa haufanani na poka ya kasino: kwa kawaida kila mtu hugawiwa karata nne, na anayezimaliza kwanza ameshinda. Ila haruhusiwi kuzimaliza kimyakimya. Zamu moja kabla, lazima awe ametamka: "Niko kadi."

Mgeni hudhani msemaji amebakiwa na karata moja. Ndivyo ilivyo katika UNO, mchezo wa ukoo huohuo uliozaliwa Ohio mwaka 1971; jina lake maana yake ni moja, na anayelitamka anahesabu. Wa Dagoretti Corner hahesabu. Anaweza kushika tatu na bado akawa kadi: malkia wa kopa, nane ya kopa, tano ya kopa. Malkia na nane ni maswali, tano ni jibu, na zote hushuka kwa mkupuo mmoja. Lakini aliyebaki na mbili peke yake, ile ya kumwokotesha jirani, hayuko kadi hata kidogo, kwa kuwa mchezo haufungwi kwa karata ya adhabu.

Ndiyo maana hatusemi "nina kadi". Niko sawa, niko tayari, niko njiani, niko kadi: hiyo ni hali, ni mahali mtu alipofika.

Katika briji mchezaji hutangaza idadi ya mizunguko ambayo yeye na mwenzake watashinda, ili upande wao upate haki ya kuongoza mchezo. Kauli yetu haimpi msemaji chochote. Inawaamsha wenzake tu. Waliokuwa wakiwindana sasa wanamgeukia yeye: mbili humwokotesha karata mbili, tatu humwokotesha tatu, jokeri tano. Naiheshimu sana kanuni hii, inayomtaka aliye karibu kushinda awape wengine nafasi ya kumzuia.

Adhabu ya kusahau hutofautiana, hivyo watu makini huikubali kabla ya kugawa. Jioni moja nilishusha nane mbili na jibu lake, mikono ikabaki mitupu, nikaanza kuinuka. Fundi mmoja wa rika la baba yangu hakuinua hata macho.

"Kijana, hukusema."

Nikaketi, nikaokota.