Amani Tunayopeana Kabla ya Komunyo

Kila Dominika, baada ya sala ya Baba Yetu na kabla ya kuumegwa Mkate, tunageukiana na kutakiana amani. Mara nyingi tendo hili hupita haraka: mkono kwa jirani wa benchi, tabasamu, basi. Mwaka 2007 Papa Benedikto XVI aliomba itazamwe kama lingefaa kuhamishiwa mahali pengine katika Misa. Mwaka 2014 Baraza la Kipapa la Ibada na Nidhamu ya Sakramenti za Kanisa likajibu kwamba libaki palepale, ila lifanyike kwa kiasi, bila waamini kuzungukazunguka kanisani.

Mahali hapo pana maana. Amani hiyo si mali yetu. Inatoka kwa Bwana aliyepo altareni, yule aliyewatokea wafuasi wake waliojifungia kwa hofu, akawatakia amani, na papo hapo akawaonyesha mikono na ubavu wake. Aliwapa amani akiwa na alama za majeraha.

Ugumu, tukiri, hauko kwa mgeni wa benchini. Uko kwa mume na mke wasiosemezana tangu Ijumaa, na kwa ndugu wanaogombea shamba la marehemu baba yao. Injili ya Mathayo (5:23-24) inamtaka anayekumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake aiache sadaka, akapatane naye kwanza. Kwa hiyo tendo la Dominika huanza Jumamosi jioni, kwa kubisha hodi, na pengine kwa kutoitikiwa. Asiyeitikiwa asikate tamaa. Juma lijalo ipo Jumamosi nyingine.